Miaka 19 nimefuma uzi ukiwa mkono wa kulia, je naweza kuhamia kushoto?

"Shikamoo mama. Nina miaka 38, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nafuma kwa sindano mbili tangu nina miaka 19, masista ndio walinifundisha, uzi nashika mkono wa kulia nauzungusha kwenye sindano. Nauza seti za watoto wachanga, sweta, kofia na soksi. Mwezi uliopita nimeona video ya dada anafuma uzi uko mkono wa kushoto, anaenda haraka sana, nikaanza kujaribu. Sasa ni wiki mbili, kazi inatoka mbaya, imelegea ina mistari ya kulala, na kofia niliyofuma haivutiki, haipiti hata kichwa cha mtoto. Kilichonifanya nitake kubadili ni mkono wa kulia, unauma kwenye kifundo upande wa gumba, na usiku mara moja moja vidole vinakufa ganzi. Jirani ananiambia kushoto ni kwa mashoto tu nitaharibu mkono. Naogopa nisije nikapoteza hata ule wa zamani na nina oda ya seti 24 za mwezi wa sita. Afu kuna shali ya mama yangu nilianza kwa kulia nikaendelea kwa kushoto, katikati panaonekana kabisa, sijui nifumue. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, pole na mkono. Nimelisoma swali lako mara mbili na ninavyokuelewa unaogopa kubaki katikati, yaani mkono wa zamani unauma, mpya haujakaa, na wateja wanasubiri. Hofu hiyo naijua mana wanawake wengi niliokaa nao kwenye kufuma wameipitia, na karibu wote walipofika hapo ulipo wewe, wiki ya pili, ndipo walipotaka kuacha. Ngoja nikueleze taratibu, kuna mambo kama manne umeyafunga pamoja kwenye fundo moja na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na jirani. Kushika uzi mkono wa kushoto sio kufuma kimashoto. Mtu wa mashoto kweli akifuma kimashoto vitanzi vyake vinatoka sindano ya kulia kwenda ya kushoto, kila kitu kimegeuka. Wewe kwenye hiyo video ukiangalia vizuri utaona vitanzi bado viko sindano ya kushoto, vinahamia ya kulia, na sindano ya kulia ndio inayofanya kazi kama siku zote. Kilichohama ni uzi tu. Najua kwetu mkono wa kushoto una maneno yake, hupokei kitu kwa mkubwa kwa kushoto na wala hulii chakula, lakini kwenye kufuma mkono wa kushoto umekuwa kazini tangu siku ya kwanza masista walipokuwekea sindano mkononi, mana ndio ulioshika vitanzi vyote. Sasa unauongezea kazi ya kushika uzi pia.

Na wala hakuna njia sahihi na njia ya makosa hapa. Uingereza wengi wanashika kulia, Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya bara wanashika kushoto, Ureno na kule milima ya Peru wapo wanaopitisha uzi nyuma ya shingo au kwenye pini kifuani afu wanausukuma kwa dole gumba, na wote wanatoa sweta zile zile. Sisi hapa tulitawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, misheni nazo zilitoka nchi tofauti tofauti, kwa hiyo mkono ulio nao umetegemea tu nani alimfundisha aliyekufundisha. Mi huwa nawaambia wanafunzi ya kulia ni kurusha na ya kushoto ni kudonoa, mana ukirusha mkono unaupeleka uzi kwenye sindano, na ukidonoa ncha ya sindano ndio inauendea uzi kama kuku anadonoa punje. Nitayatumia hayo mawili hapa.

Kuhusu haraka, nikwambie ukweli. Kudonoa kunaweza kukuongezea kasi, lakini kasi haiko kwenye upande, iko kwenye umbali. Rekodi ya vitanzi 118 kwa dakika moja iliwekwa mwaka 2006 na Miriam Tegels wa Uholanzi, yeye anadonoa. Lakini Hazel Tindall wa visiwa vya Shetland kule Uskoti alishinda mashindano ya mfumaji wa haraka kuliko wote mwaka 2008 kwa vitanzi 262 ndani ya dakika tatu, na yeye uzi uko mkono wa kulia. Mashindano yalikuwa tofauti na masharti tofauti kwa hiyo huwezi kuwapambanisha, ila unaona kulia sio polepole. Angalia tu mikono yao, haisogei. Sasa wewe kaa mbele ya kioo ufume mstari mmoja kwa mkono wako wa zamani na uangalie kiwiko. Kama mkono unaacha sindano, unaenda mbele na uzi, unazunguka, unarudi kushika tena, basi sweta ya vitanzi 120 umesafiri mara 120 kwa mstari mmoja, na kifundo cha mkono kimegeuka mara 120. Hapo ndipo muda unapopotea, na mara nyingi hapo hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Sasa kwa nini wiki mbili hizi unajisikia kama hujawahi kushika sindano maishani. Chukulia mtu aniambie leo nisonge ugali kwa mkono wa kushoto. Ugali naujua, najua maji yakichemka kiasi gani ndio unga uingie, najua harufu ya ugali uliowiva, jicho linajua, pua inajua, ila mwiko mkononi unakuwa kama wa mtoto wa darasa la pili. Kufuma kwako kuko hivo hivo. Miaka 19 ubongo umeuchukua mwendo wa kurusha ukauweka mahali ambapo hauhitaji tena kuufikiria, ndio mana unafuma huku unaongea na mteja. Mwendo mpya bado unapita kwenye mawazo, kidole kwa kidole, na mbaya zaidi ule wa zamani unajitokeza wenyewe kila unapochoka, mkono wa kulia unataka kwenda kuchukua uzi ambao haupo. Hiyo ni kawaida kabisa wala sio dalili ya umri. Na nusu ya ufundi unayo tayari, mana unajua kusoma kitambaa, unajua kitanzi kilichodondoka kinaonekanaje, unajua shingo ya sweta inaanzia wapi. Anayeanza leo hana hata kimoja kati ya hivyo.

Na ule wa zamani haupotei. Utaona siku chache ukirudi kulia unayumba yumba, mstari mmoja au miwili, kisha unakaa sawa. Wapo wanaofuma kwa mikono yote miwili maisha yao yote, tena kwa maua ya rangi mbili ni raha, rangi moja unairusha kwa kulia nyingine unaidonoa kwa kushoto, nyuzi hazijisokoti. Ukifika huko kumbuka tu rangi inayopita chini, ambayo kwa wengi ni ile ya kushoto, ndio inayoonekana zaidi usoni, kwa hiyo rangi ya ua ikae kushoto na usiibadilishe katikati.

Haya, tuje kwenye kofia iliyogoma, hapa ndio nataka usome polepole na ikiwezekana sindano ziwe mkononi. Kitanzi kimekaa juu ya sindano kama mtoto aliyepanda punda, mguu mmoja mbele mguu mmoja nyuma. Kwa jinsi ulivyofundishwa, na ndivyo wengi wetu tulivyo, mguu wa kulia, ule ulio karibu na ncha ya sindano ya kushoto, ndio unakaa mbele. Ukiingiza sindano kwenye mguu huo wa mbele kitanzi kinafunguka vizuri, miguu inakuwa kama herufi V. Sasa ukifuma pali, ile inayoacha nundu upande unaouangalia, kwa kudonoa, uzi uko mbele yako na kidole cha kushoto kiko juu, kuna njia mbili za kuuchukua. Ya kwanza uzi unaipanda sindano kwa juu kisha unashuka, hiyo inataka kidole cha shahada kiinamishwe kidogo na mwanzoni inaudhi. Ya pili ncha ya sindano inaukanyaga uzi kwa juu na kuuchota, uzi unapita chini ya sindano, ni rahisi mno na mtu yeyote anayejifunza peke yake mkono wake utaikimbilia hiyo. Kwa maelezo yako naamini ndiyo unayoifanya.

Tatizo ni kwamba ukichota hivyo kitanzi kinapanda punda kinyume, mguu wa kushoto ndio unakuwa mbele. Kitambaa bado kiko sawa hadi hapo. Unageuza kazi, unaanza mstari wa pleni, ile laini inayoonyesha V, na mkono wako wenye miaka 19 unaingiza sindano mguu wa mbele kama ulivyozoea, na hapo kitanzi kinajisokota, miguu inapishana chini kama mtu aliyekunja nne. Kitanzi kilichosokotwa hakivutiki vizuri, kimejibana. Kwenye lastiki ya kofia, ule ukingo unaovutika wa pleni moja pali moja, kila safu ya kusimama inapigwa pali mstari mmoja na pleni mstari unaofuata, kwa hiyo safu zote zinasokotwa, na ndio mana kofia yako imekuwa ngumu kama mkanda. Kwenye sweta nako kitambaa kinaweza kuvuta upande mmoja, mshono wa pembeni ukazunguka kuja mbele. Chukua hiyo kofia uisogeze dirishani, panua lastiki kwa vidole viwili, uangalie mizizi ya zile V. Ukiona zimepishana umepata mchawi.

Dawa ziko mbili na zote halali. Unaweza kujifunza ile pali ya uzi kupita juu, itakuchukua siku kadhaa za kukunja uso. Au unaendelea na ile rahisi ya kuchota, lakini ukija kufuma pleni juu ya vitanzi ulivyochota unaingiza sindano mguu wa nyuma badala ya wa mbele, kitanzi kinafunguka kama kawaida na mtu akiangalia kitambaa hatajua umefumaje. Hii ya pili mi naipenda kwa mtu mwenye kifundo kinachouma mana pali yake ni fupi. Ila ina sharti lake, ukifika kupunguza vitanzi, kama pale juu ya kofia, vitanzi vimekaa kinyume kwa hiyo ukishika viwili pamoja kama ulivyozoea vitajisokota, inabidi kwanza uvigeuze kimoja kimoja vikae mguu wa kulia mbele ndio uvifume pamoja. Ukisahau hilo, utosi wa kofia utakuonyesha. Chagua moja, ushike hiyo hiyo mwezi mzima, usichanganye.

Mistari ya kulala na kulegea ni jambo lingine. Mkono wa kushoto bado haujajua kuubana uzi. Kulia unaubana bila kujua, kushoto lazima uufundishe. Zungusha uzi mara moja kwenye kidole kidogo, upitishe chini ya viwili vya kati, uje juu ya kidole cha shahada, na hicho kidole kikae karibu na ncha za sindano, sio kimesimama juu kama kinaomba ruhusa darasani. Uzi ukiteleza zungusha mara mbili. Usiukamate kwa nguvu ya kiganja, mana hapo utahamisha maumivu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto na tutakuwa hatujafanya kitu. Mistari yenyewe mara nyingi inatokea kwa sababu mstari wa pali umekula uzi mwingi kuliko wa pleni, unalegea, wa pleni unabana, ukigeuza kitambaa nyuma unaona vifereji kila baada ya mistari miwili. Kuna ujanja mmoja hapa ambao umenisaidia mimi na wengi. Kitanzi kinapata ukubwa wake kwenye sindano ya kulia, na kwenye kazi ya kwenda na kurudi sindano zinabadilishana kila mstari. Kwa hiyo chukua sindano moja ya milimita 4 na moja ya 3.5, panga ili ile nyembamba iwe mkono wa kulia kila unapofuma pali. Vifereji vinapungua sana hata kabla mkono haujajifunza.

Kuhusu kufanya mazoezi, umeanza na sweta na kofia za kuuza, na hilo ndilo lililokuchosha. Tafuta mabaki ya uzi wa rangi ya kung'aa, maziwa au njano, sio nyeusi wala bluu nzito, mana lazima uone miguu ya vitanzi. Anzisha vitanzi 20, ufume pleni tupu kwenda na kurudi, dakika 15 kwa siku, asubuhi kabla mkono haujachoka, halafu unaweka chini hata kama umeanza kufurahia. Kidogo kila siku kinakaa kuliko masaa matatu ya Jumapili, mana mwili unajipangia hayo mambo ukiwa umelala. Baada ya wiki kama mbili ndio uingize pali, na baada ya hapo lastiki, ambapo kwa kweli ndipo kudonoa kunapolipa, sababu uzi wa kwenda mbele na kurudi nyuma unasogea kidogo tu, wakati ukirusha ni safari. Kama unazo sindano za mviringo, zile mbili fupi zilizounganishwa kwa kamba, fuma kofia kwa kuzunguka, mwili wake wote ni pleni haina pali, mkono unapata mdundo vizuri. Nao mdundo utakuja siku usiyoitegemea, katikati ya mstari utashtuka umefuma nusu yake hujafikiria.

Jambo dogo la hapa kwetu, huu ukavu wa Dodoma, hasa upepo ukianza, vidole vinapasuka na uzi wa akriliki unakwama kwenye ngozi. Kidole cha kushoto hakijawahi kupitiwa na uzi kutwa nzima kwa hiyo kitalalamika. Paka mafuta usiku, na asubuhi yawe yameshaingia kwenye ngozi kabla hujashika kazi nyeupe ya mteja.

Sasa mkono, hili ndilo ninalolichukulia kwa uzito kuliko sweta zote. Umeniambia mambo mawili. Maumivu ya kifundo upande wa gumba mara nyingi ni ile mishipa migumu inayovuta dole gumba, inapita kwenye njia nyembamba pale kifundoni, ikitumika sana inavimba na kila ukikamua nguo au kunyanyua mtoto au birika inachoma. Ganzi ya usiku, hasa ikiwa gumba, cha shahada na cha kati, ni kitu kingine, ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Siwezi kukupima kwa maandishi na sitaki ukae na maneno yangu badala ya daktari. Nenda kituo cha afya unachotumia, ueleze kazi yako, ueleze ni vidole vipi na saa ngapi, waambie wakuelekeze hospitali ya rufaa ya mkoa kwa mtaalamu wa fiziotherapia kama inahitajika. Waombe pia wakupime sukari, na kama ni mjamzito waambie, mana sukari na ujauzito vyote vinaweza kuleta ganzi hiyo. Ukianza kudondosha vikombe, au ganzi ikawa haiondoki hata mchana, au nyama ya chini ya gumba inaonekana imepungua, usisubiri oda ziishe, nenda wiki hiyo hiyo. Mshipa wa fahamu ukibanwa muda mrefu unaweza usirudi kama zamani. Na tafadhali usikubali kukandwa kwa nguvu na mtu asiyejua ni nini kimebanwa.

Kwa sasa pumzika kila dakika 20 au 25, weka simu ikukumbushe, nyoosha vidole, shusha mabega. Kiganja kisikae kimekunjwa unapofuma, kiwe kimenyooka na mkono, na usiku pia jitahidi usilale umeukunja. Angalia na sindano zenyewe, zile ndefu za chuma zina uzito na kazi yote inaning'inia kwenye ncha, ya mviringo kazi inalala mapajani hata kama unafuma kwenda na kurudi. Kubadili mkono kunaweza kukupa nafuu kwa sababu mzigo umegawanyika, lakini mtu anayekamata sindano kwa nguvu atakamata kwa nguvu upande wowote, na anayejifunza huwa anakamata kwa nguvu zaidi.

Ndio mana sikwambii uhame. Mi kwa maoni yangu jifunze kudonoa, uwe nayo kwa lastiki, kwa kofia za kuzunguka, kwa siku ambazo mkono wa kulia unauma, na kurusha ubaki nako. Na kuna njia ya kati ambayo watu wanaisahau, kubaki na uzi kulia lakini kuacha kuiachia sindano. Mkono unakaa pale pale umeshika, kidole cha shahada peke yake ndio kinapepesa uzi kwenye ncha. Kwa mtu aliyefuma miaka 19 kama wewe hiyo inaweza kukaa haraka kuliko kudonoa kwa sababu uzi uko upande unaoujua, na inaondoa ile safari ya kiwiko niliyokwambia. Kama miezi miwili ikipita na kushoto bado ni mateso, chukua hiyo wala usijione umeshindwa.

Ukipata mtu wa kukuonyesha, hapo mjini wapo, kwenye vikundi vya kina mama, kanisani, hata sokoni ukimwona anayefuma akiwa kwenye meza yake msalimie, mwambie akae pembeni yako bega kwa bega na sio mbele yako. Video nyingi zimepigwa kwa mbele, kulia kunaonekana kushoto, na nadhani sehemu ya kuchanganyikiwa kwako imeanzia hapo. Dakika kumi za mtu anayeangalia kidole chako zitafanya kazi ambayo barua yangu hii ndefu haiwezi, hasa kwenye kubana uzi. Mpelekee na ile kofia, usione aibu nayo.

Oda za mwezi wa sita zifume kwa mkono wa zamani, zote 24, na uanze mapema ili upumzike vizuri katikati. Sababu ni vipimo. Fuma kipande kwa kila mkono, ukifue, kikauke, upime sentimita 10 katikati sio pembeni, uhesabu vitanzi. Tuseme kulia una 24 na kushoto una 21. Inaonekana tofauti ndogo, lakini sweta ya vitanzi 120 kwa mkono mmoja itakuwa na mzunguko wa sentimita 50 na kwa mwingine inazidi 57 kidogo, hapo umetoka saizi ya mtoto mmoja umefika ya mtoto mkubwa zaidi. Na akriliki haikusamehi kama sufu, huwezi kuilowesha na kuivuta ukategemea ikae ulivyoipanga. Kwa hiyo mkono ulioanza nguo ndio uimalize, mbele, nyuma na mikono yake. Siku vipande viwili vikitoa hesabu moja wiki mbili mfululizo, siku hiyo kushoto kunaweza kuanza kupokea hela za wateja.

Shali ya mama. Shali haihitaji kupita kichwa kwa hiyo kulegea peke yake nisingekuambia ufumue, lakini ile sehemu ya kushoto naamini imesokotwa kama kofia, na msokoto hautoki kwa kufua wala kwa kuvaa. Ifumue mpaka pale ulipobadili. Usichomoe sindano na kuvuta kwa pupa, tafuta kwanza mstari wa mwisho wa mkono wa kulia, upitishe sindano nyembamba kuliko ile unayofumia, milimita 3 inatosha, iingie kwenye mguu wa kulia wa kila kitanzi mpaka mwisho wa mstari, hesabu vitanzi vimetimia, ndio ufumue vilivyo juu yake mpaka uikute sindano. Vitakuwa vimekaa vyote mguu wa kulia mbele, tayari kwa mkono wako wa zamani. Uzi uliofumuliwa utakuwa umejikunja kunja, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge sehemu nne, uuloweshe kwenye maji ya uvuguvugu na uutundike kivulini, kesho yake unaendelea.